Msimamizi wa zamu, supamaketi ya Malindi: nijifunze nini kwanza ili nifae kuwa meneja wa tawi?

Mja_wa_Sabaki (mwenye swali)

Salaam aleikum wana jukwaa. Niko Malindi, msimamizi wa zamu kwenye supamaketi ya kiasi: tili sita, wafanyakazi thelathini na kitu, vyakula vikavu, vifaa vya nyumbani, friji za maziwa na mboga kidogo. Nalenga umeneja wa tawi, hapa au kwingine Pwani, ndani ya miaka mitatu. Tili nazijua, ila mapokezi, oda na hesabu za ofisini sijazigusa.

Naomba kujua: niombe kupelekwa sehemu gani kwanza? Ni hesabu zipi meneja anatakiwa azifanye mwenyewe bila kumsubiri mhasibu? Na diploma ina uzito gani mbele ya uzoefu? Mkinipa hatua na tarakimu nitashukuru, nianze kuzifanyia kazi wiki hii hii.

Karani_wa_Mapokezi

Waleikum salaam ndugu yangu. Omba mapokezi, miezi mitatu kwa uchache, sita ikiwezekana. Wengi huomba ofisi, lakini pesa ya duka hupotelea mlango wa nyuma. Keshia akikosea chenji amekosea mia mbili na jioni itaonekana. Mpokezi akitia sahihi katoni kumi zilizofika nane, hasara ni ya maelfu na haitajulikana mpaka siku ya kuhesabu stoki, na siku hiyo hakuna anayekumbuka lori lilikuwa la nani.

Kazi yenyewe iko hivi. Lori likifika, itisha LPO, ile hati ya oda iliyotolewa na duka, kabla ya turubai kufunguliwa. Mzigo usio na LPO haushuki, hata dereva awe mtu mliyezoeana naye. Kisha hesabu bila kutazama ankara: mwenzako aishike, wewe uhesabu na uandike ulichokiona, ndipo mlinganishe. Anayehesabu huku karatasi iko mkononi huishia kuona kile karatasi inachosema. Kwa kila katoni kumi za aina moja fungua moja, na uichague wewe, isiwe ile anayokusogezea turniboi. Katoni ya katikati ndiyo huwa na pengo. Robota la unga ni pakiti 12 za kilo 2: lizungushe ulitazame pande zote, pakiti iliyopasuka huwekwa upande wa chini. Gunia la sukari la kilo 50 lipande mizani.

Tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe papo hapo, si rafuni. Kanuni inayofanya kazi ni kukataa bidhaa iliyobakisha chini ya theluthi mbili ya muda wake. Ya miezi 12 iwe na miezi 8 mbele yake, ya siku 9 iwe na siku 6. Wasambazaji wengine huleta Pwani mzigo ambao matawi ya miji mikubwa yameukataa, na ukiupokea mara moja utaletewa tena.

Ikipungua, andika upungufu kwenye nakala zote, yako na ya dereva, atie sahihi na namba ya gari iandikwe. Kisha fuatilia hati ya kupunguziwa deni kabla malipo yajayo hayajatoka. Ikishalipwa ankara nzima, hiyo pesa utaidai mpaka uchoke. Bidhaa za ofa, zile za "nunua 12 upate 1", ziingizwe kwenye mfumo kama vipande 13 kwa gharama ya 12. Zisipoingizwa zinakuwa stoki isiyo na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hubebwa.

Kosa moja litakalokusumbua kuliko yote ni kipimo. Karani anaingiza katoni 1 mahali mfumo unataka vipande 24. Mfumo unaona kipande kimoja, mnauza kumi, stoki inasoma kasoro tisa, yaani tisa chini ya sifuri. Kila Jumatatu toa orodha ya bidhaa zote zenye stoki ya kasoro. Kila mstari wa orodha ile una sababu yake: kipimo, mzigo ulioshuka bila kuingizwa, au keshia aliyepitisha soda ya aina moja mara sita wakati mteja amebeba aina tatu. Msimamizi anayeweza kuusafisha ukurasa huo kila wiki tayari anafanya nusu ya kazi ya meneja.

Na ankara iwe ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024 ununuzi usio na ankara hiyo, kwa kawaida, KRA haiuhesabu kuwa gharama ya biashara. Karatasi ya mkono aliyokuandikia mtu wa mayai kwa haraka inaweza kumgharimu mwajiri wako kodi.

Bi_Hesabu

Hapo kwenye mapokezi Karani amesema kweli, sina la kuongeza. Mimi nijibu la hesabu.

Ya kwanza ni faida ghafi, ile ya kabla ya kutoa gharama za kuendesha duka, na hapa wasimamizi wengi huteleza kwa sababu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Chukua sabuni inayouzwa 145. Gharama yake kwenye ripoti ni 105 bila VAT. Ukitoa 105 kwenye 145 unaona 40, unafurahi. Lakini 145 ina VAT ya 16% ndani yake. Gawanya kwa 1.16: duka limepata 125, na 20 zilizobaki ni za serikali. Faida ni 20 kwa 125, yaani 16%, wala si 27% na zaidi uliyodhani.

Ukitaka asilimia 20 ya faida juu ya mauzo, usiongeze 20% kwenye gharama. Gawanya gharama kwa 0.80: 105 inakuwa 131.25, zidisha kwa 1.16 upate 152.25. Aliyeongeza 20% atapata 146 na ushei, na kwa kila kipande amepoteza shilingi sita bila kujua. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hazitozwi hiyo 16%, kwa hivyo usizipitishe kwenye hesabu moja na sabuni. Jifunze mafungu ya kodi ya bidhaa zako 100 zinazouzwa sana uyajue kama jina lako.

Ya pili ni upotevu. Chukua stoki ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa mauzo kwa bei ya gharama, toa vilivyoharibika na kuandikwa, kisha toa stoki iliyohesabiwa. Kinachobaki hakijulikani kilikokwenda. Kwa mfano:

2,400,000 + 3,100,000 − 2,950,000 − 30,000 − 2,480,000 = 40,000.

Ikiwa mauzo ya kipindi hicho bila VAT ni 3,500,000, upotevu ni 1.14%. Ilinganishe na faida yako halisi. Supamaketi nyingi baada ya kodi ya nyumba, stima na mishahara hubakiwa na asilimia chache tu, kwa hivyo moja na kidogo si jambo dogo. Na ile sabuni ya 105 ikiibwa, itabidi uuze zaidi ya tano nyingine ili kurudisha gharama yake peke yake.

Usisubiri hesabu kubwa ya mwisho wa mwaka. Gawanya duka mafungu 24, hesabu fungu moja kila siku ya kazi kabla ya kufungua, na mwezi ukiisha duka zima limehesabiwa mara moja. Bidhaa zinazoibwa sana, kama wembe, mafuta ya nywele, betri, maziwa ya watoto na vipodozi vidogo, zihesabiwe kila wiki. Karatasi ya kuhesabia isiwe na idadi ya mfumo. Watu wawili wahesabu mbalimbali, na tofauti ikizidi kiwango mlichoweka, wa tatu arudie. Kabla ya kuanza, hakikisha mzigo wote ulioshuka jana umeingizwa. Karatasi zilizobaki kwenye droo ya mapokezi huvuruga hesabu nzima ya upotevu.

Ya tatu ni mboga na matunda. Umenunua nyanya kilo 20 kwa 80, umelipa 1,600. Tatu zimepondeka njiani, zinauzika 17. Gharama yako si 80 tena, ni 94. Ukiweka bei kwa kufuata 80 ukilenga faida ya 25%, utauza kwa 107 hivi, na ukipiga hesabu mwishoni umepata kama 12% tu. Bei iliyotakiwa ni kama 126. Kama soko halibebi 126, basi punguza kilo unazoagiza au tafuta mkulima aliye karibu. Kupandisha bei tu hakutakusaidia, zitaozea kwenye trei. Daftari la vilivyoharibika liandikwe asubuhi na jioni kwa kilo, na bei ishushwe saa kumi alasiri, wakati wateja wangali wanapita. Ukingoja saa mbili usiku utakuwa unawapunguzia rafu tupu.

Gati_la_Mokowe

Masalkheri. Naandika kutoka upande wa Lamu, ambako oda ikikosewa hakuna njia ya mkato. Mzigo unatoka Mombasa kwa lori, unashuka Mokowe, unapanda boti, unashuka gati la mji, kisha hamali au punda kwa vichochoro mpaka mlangoni. Kila unapobadilisha mikono, uhesabiwe. Kwenye boti andika idadi ya katoni kwa kila msambazaji, si "mzigo wa duka" tu.

Mja, oda ndiyo elimu itakayokutofautisha na msimamizi mwingine yeyote, kwa sababu hapo unashika pesa ya mwenye duka mkononi. Hesabu yake ni hii. Bidhaa inauza vipande 8 kwa siku. Kutoka kuagiza hadi kufika ni siku 4. Akiba ya kuchelewa, siku 3. Stoki ikifika 8 × 4 + 8 × 3, yaani 56, agiza. Kama unaagiza mara moja tu kwa wiki, lenga kujaza mpaka 8 × (7 + 4) + 24, yaani 112. Una 40 mkononi? Unahitaji 72, katoni tatu za 24. Usisahau kutoa kilicho njiani, la sivyo utaagiza mara mbili kisha stoo ifurike.

Sasa kosa ambalo hata mameneja wa siku nyingi hulifanya: wastani wa mauzo. Bidhaa imeuza 120 kwa siku 30, unasema 4 kwa siku. Lakini ilikuwa imeisha rafuni siku 10. Iliuzwa siku 20 tu, kwa hivyo wastani ni 6. Ukiagiza kwa 4, itaisha tena, na ripoti ijayo itakuambia tena kwamba wateja hawaitaki. Bidhaa nzuri nyingi zimeuliwa namna hii.

Misimu ya kwetu haifuati kalenda ya makao makuu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo ukilinganisha Machi hii na Machi iliyopita utapotoka. Linganisha Shaabani na Shaabani. Tende, tambi, sukari, unga wa ngano, mafuta na sharubati ziwe stoo wiki tatu kabla ya mwezi kuandama. Saa za kazi nazo hubadilika: asubuhi duka ni tupu, kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi ni msongamano, kisha watu hurudi baada ya tarawehe. Panga zamu kwa saa hizo. Kumi la mwisho wateja wanahamia nguo, biskuti na vyombo. Tende punguza oda kabla ya hapo, maana baada ya Idi zitakaa.

Malindi mna jambo jingine, wageni. Julai na Agosti, kisha Desemba mpaka baada ya mwaka mpya, na Pasaka. Kuanzia Aprili masika yakishika, hoteli nyingi hupunguza kazi au kufunga, na wafanyakazi wake ndio wateja wako wa unga na mafuta. Kwa hivyo Mei haishuki jibini na tambi za Kitaliano pekee, hata kikapu cha mwenyeji kinakonda, na pakiti ndogo zinauzwa kuliko kubwa. Anayeshusha oda za wageni na kusahau hili hubaki na madebe ya mafuta ya lita 20.

Na hewa ya bahari inakula mali. Makopo hushika kutu kwenye ukingo: yageuzwe mbele-nyuma, yafutwe kwa kitambaa kikavu, yenye kutu yatolewe. Unga na nafaka huingiwa na wadudu upesi kwa joto na unyevu, kwa hivyo ziwe juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio, na la kwanza kumalizika muda litoke kwanza. Ukiona vumbi la unga chini ya robota, litoe siku hiyo hiyo kabla halijaambukiza jirani zake. Sehemu ya nyuma ya friji, ile yenye mapezi, isafishwe kila mwezi, chumvi na vumbi vikiganda hapo mashine haipumui, inakula stima na kufa. Jokofu la kugandisha lisome −18, friji ya maziwa isizidi 5. Andika joto asubuhi na jioni kwa mkono wako.

Mja_wa_Sabaki

Allah awalipe kheri. Nimeanza kutoa ile orodha ya stoki ya kasoro: mistari 212.

Nina mawili zaidi. Keshia akipungukiwa, kwetu hukatwa mshahara, na wakati mwingine upotevu wa duka hugawanywa kwa wafanyakazi wote. Meneja mzuri analifanyaje hili? Na kuna majumba na hoteli zinazotaka kuchukua mzigo kwa deni. Hilo nalo lina faida kweli?

Zamu_ya_Usiku

La keshia nijibu mimi.

Kugawanya upotevu kwa wafanyakazi wote ni makosa, na ukiwa meneja usikubali sahihi yako iwe hapo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Yaani keshia, kwa tili yake, baada ya kuthibitishwa. Mtu wa rafu hana tili, huwezi kumlipisha wembe ulioibwa na mteja. Na makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Lakini kabla ya kukata, jiulize kama umempa keshia nafasi ya kutopungukiwa. Kila keshia awe na droo yake na neno lake la siri, lisiloazimwa hata wakati wa kwenda kuswali. Chenji ya kuanzia ihesabiwe na wawili na isainiwe. Noti zikifika kiwango mlichoweka, tuseme 20,000, zitolewe kwenye droo na kuandikwa. Mwisho wa zamu keshia ahesabu na kuandika pesa yake kabla hajaonyeshwa ripoti ya mashine. Akiijua jumla mapema, ziada ataiweka mfukoni na upungufu ataufunika kesho.

M-Pesa ilinganishwe na taarifa ya tili yenyewe, isiwe ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, maana jumbe za kughushi ni nyingi na hufanana kabisa. Pesa haijaonekana kwenye simu ya duka, bidhaa haitoki. Siku za mtandao kulala, uwe na utaratibu ulioandikwa: keshia achukue namba ya muamala, msimamizi ahakiki, mteja asubiri pembeni ili foleni isonge.

Risiti zilizofutwa zitazame kila siku. Kufuta kwa kawaida hutokea mteja akiwa mbele, katikati ya mauzo. Kufuta kunakotokea dakika mbili baada ya malipo ya pesa taslimu, hasa vitu vya mwisho vya risiti, ni alama ya kufuatilia kwenye kamera. Hali kadhalika droo inayofunguliwa bila mauzo. Na ile ya kupitisha kimoja kati ya viwili kwa rafiki haionekani kwenye ripoti yoyote. Hiyo huikamata kwa kukagua vikapu vichache mlangoni, vya wateja waliochaguliwa bila mpango maalumu, kwa adabu.

Ikifika kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 41 cha Sheria ile ile ya Ajira kinataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Hata aliyekamatwa na maziwa mkobani. Mameneja hushindwa mahakamani kwa kuruka hatua hii, si kwa kukosa ushahidi. Andika barua, tarehe, waliokuwepo, alichosema, uamuzi.

Na mapumziko. Siku moja kwa saba ni haki yao, na siku 21 za likizo kwa mwaka. Keshia wa siku ya tisa mfululizo hupungukiwa hata akiwa mwaminifu kama nini.

Karani_wa_Mapokezi

Mistari 212 ni mingi ila si ajabu kwa duka la ukubwa huo. Anza na bidhaa zenye thamani kubwa, na usirekebishe namba kabla ya kuandika sababu. Ukirekebisha tu, wiki ijayo zitarudi zile zile.

Gati amesema siku 3 za akiba. Kwa kisiwa ni sawa kabisa, na barabara ya Garsen ikifunikwa na maji ya Tana hata hizo ni chache. Kwa Malindi siku 3 kwa kila bidhaa ni pesa iliyolala. Lori la Mombasa linafika siku hiyo hiyo. Weka siku 1 kwa bidhaa ya kawaida, 3 kwa zile ambazo mteja akizikosa anahama duka: unga, sukari, mafuta, mchele, maziwa, nepi. Biskuti ya aina ya nane ikikosekana, mteja atachukua ya saba.

La deni la hoteli. Lina faida kwa masharti, na masharti yasipokuwepo linaweza kuua tawi. Kwanza, uuze kwa LPO ya hoteli yenye sahihi ya mtu aliyetajwa kwenye mkataba, wala si kwa simu ya mpishi. Pili, kiwango cha juu cha deni kiwekwe kwenye mfumo ili tili ikatae yenyewe; ukiwaachia watu kukataa, siku moja watakubali. Tatu, siku 30 zihesabiwe tangu ankara, na ya 31 akaunti ifungwe bila kupiga simu ya kuomba ruhusa. Nne, punguza viwango vyote ifikapo Machi, kabla ya msimu kuisha. Deni la Aprili linalipwa Agosti, au halilipwi. Piga na hesabu ya faida: ukiuza mzigo wa 100,000 kwa faida ya 10% na hoteli isilipe, umepoteza gharama ya 90,000, na itabidi uuze mzigo wa 900,000 kwa faida ile ile ili urudi ulipokuwa. Wasambazaji wako nao wanakungoja. Nakumatt, ambayo wakati mmoja ilikuwa supamaketi kubwa kuliko zote Kenya, ilifika kufilisiwa 2020 ikidaiwa na wasambazaji mabilioni. Rafu huwa tupu kwanza, milango hufungwa baadaye. Meneja wa tawi huziona rafu kabla ya mtu yeyote, kwa hivyo kati ya bidhaa zako 50 kubwa, zinazokosekana ziwe kwenye ripoti yako ya kila siku.

Bi_Hesabu

La diploma kwa ufupi. Kwa tawi dogo, uzoefu na cheti cha sekondari chenye hisabati nzuri hutosha kuitwa. Kwa kampuni zenye matawi mengi, karatasi hutumiwa kuchuja maombi, kwa hivyo bila karatasi jina lako halifiki mezani. Chagua kinachofundisha hesabu: diploma ya wahasibu wasaidizi ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, au diploma ya biashara au ugavi, unayoweza kusoma jioni na wikendi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi ukitaka shahada baadaye. Usilipe maelfu kwa cheti cha siku mbili cha "uongozi". Kitabu kimoja cha hesabu za gharama na saa kumi za kujifunza lahajedwali vizuri, kuchuja, kujumlisha kwa masharti, kutafuta bei kati ya orodha mbili, vitakupeleka mbali zaidi.

Kwa Malindi ongeza Kitaliano cha dukani: namba, vipimo, majina ya vyakula, "hakipo, kitafika Alhamisi". Miezi mitatu inatosha.

Karani_wa_Mapokezi

Naongeza namna ya kuifikia nafasi yenyewe, maana kazi nzuri isiyoonekana haikupi cheo.

Meneja wako ana siku 21 za likizo. Omba kwa maandishi umshikie, na uombe makabidhiano ya karatasi: thamani ya stoki, madeni, ankara zisizolipwa, mashine mbovu, wafanyakazi wenye barua za onyo, funguo. Kagua pia vile vinavyokaguliwa na serikali: leseni ya biashara ya kaunti, mizani iliyopigwa muhuri wa mwaka, vyeti vya afya vya wanaoshika chakula, ambavyo hufanywa upya kila miezi sita. Akirudi, mkabidhi kwa karatasi ile ile. Siku 21 zilizokwenda bila mwanya wa stoki zina uzito kuliko barua kumi za sifa.

Tawi dogo likitangazwa, Watamu, Gongoni au Mpeketoni, liombe. Wengi hulikataa kwa sababu ya umbali na mshahara unaopanda kidogo tu. Huko meneja hupokea mzigo mwenyewe, huagiza mwenyewe na hulala na funguo, kwa hivyo kwa mwaka mmoja unapita mambo ambayo tawi kubwa lingekuonyesha kwa minne. Kabla ya kukubali, dai hesabu ya stoki siku ya kuingia, wewe na anayetoka mkiwepo. Ukirithi tawi bila kuhesabu, upotevu wake wa nyuma ni wako.

Weka faili ya mwezi kwa mwezi ya sehemu unayoisimamia: upotevu kwa asilimia, bidhaa zilizokosekana, mistari ya stoki ya kasoro, vilivyoharibika. Andika hali ulipoanza, ulichobadilisha na hali ilivyo sasa. Beba asilimia tu kwenye usaili. Mauzo na bei za manunuzi ni siri ya mwajiri, na anayekusaili akiona umezimwaga atajua utamwaga na zake.

Kwenye usaili wenyewe mara nyingi hukutembeza dukani dakika kumi kisha huuliza umeona nini. Usianze na mapambo. Tazama tarehe kwenye maziwa ya nyuma, lebo za bei zisizolingana na tili, pengo rafuni lililozibwa kwa kutandaza bidhaa ya jirani, katoni zilizoziba mlango wa dharura, kipimajoto cha friji, na mlango wa nyuma kama umeachwa wazi bila mtu. Kisha sema ungeanza na lipi asubuhi ya kwanza, na kwa nini hilo.

Mja_wa_Sabaki

Nimeandika barua ya kuomba mapokezi kuanzia mwezi ujao, na kumi na moja ya mistari ile 212 imeshaeleweka: tisa ni katoni zilizoingizwa kama kipande, mbili ni ofa ambazo hazikuingizwa. Katika kuchunguza nimekuta pia unga uliorudishwa kwa msambazaji bila karatasi. Huu unga nifuatilie kwa msambazaji au kwa dereva?

Karani_wa_Mapokezi

Kwa msambazaji, na leo. Tafuta ankara ya siku hiyo na picha za kamera ya mlango wa nyuma kabla hazijafutika, uwaandikie ukitaja idadi, tarehe na namba ya gari, udai hati ya kupunguziwa deni. Dereva muulize baadaye, mbele ya mtu wa pili.